Bodi ya Shaba na Sikio la Bibi



Ukurasa huu umezoea kupokea barua. Safari hii ulipokea daftari. Ni daftari la miraba, lile ambalo watoto wa shule ya msingi hulifanyia hesabu, na ndani yake hamkuwa na swali la mirathi wala malalamiko juu ya mume asiyetoa posho, mambo ambayo ndiyo riziki yetu ya kila wiki. Kurasa kumi na moja za mwanzo zilijaa michoro ya njia za umeme: mistari minene na myembamba, vidoti, vitanzi vya koili, na tarakimu zilizofutwa na kuandikwa upya hadi karatasi ikatoboka. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa na sentensi moja tu: "Naomba mniambie kama bodi hii ni sahihi, na kama nina haki ya kuiwasha."

Tulilisoma daftari lile mara tatu. Sisi si wahandisi, ila ujanani tuliwahi kushika chuma cha kulehemu na kuharibu redio za watu wawili watatu, na ugonjwa ule hauponi. Tukafunga safari.

Mwenye daftari ni kijana wa Isingiro, wilayani Kyerwa, mkoa wa Kagera. Wasomaji wa makamo watakumbuka kuwa Kyerwa yote ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya inayojitegemea. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, iliyopakana na Uganda kwa upande wa kaskazini na Rwanda kwa upande wa magharibi, na Mto Kagera ndio unaochora mpaka. Ng'ambo ya mto, katika ardhi ya Uganda, ipo wilaya nayo iitwayo Isingiro. Jina ni moja, mto ni mmoja, na watu huelewana kwa lugha bila mkalimani; lakini vitambulisho ni viwili. Tunaomba msomaji alihifadhi jambo hili, maana litarudi.

Kijana huyu hutengeneza redio na simu katika kibanda cha mbao karibu na soko. Alilelewa na bibi yake mzaa mama tangu akiwa na miaka minne. Bibi huyo, kwa miaka zaidi ya thelathini, hakuwahi kukosa darasa la wanawake la alasiri ya Alhamisi msikitini, wala darasa za Ramadhani baada ya swala ya adhuhuri. Miaka mitatu iliyopita aliteleza shambani wakati wa mvua, akavunjika nyonga, na tangu hapo kitanda na kiti cha ukumbini ndivyo vimekuwa mipaka ya dunia yake. Kutoka msikitini hadi kwake ni kama mita 350, lakini ni mteremko mkali, na katikati pamesimama mashamba manne ya migomba. Adhana humfikia upepo ukimhurumia. Darasa haimfikii kabisa, kwa kuwa husomeshwa ndani bila vipaza sauti vya nje.

"Nasikia watu wakipita wanarudi," alituambia, tukiwa tumekaa mkekani mbele ya kiti chake. "Wanacheka. Najua maalim kasema jambo la kuchekesha. Sijui kasema nini. Hilo tu wanangu, mengine nimeshayazoea."

Mjukuu wake akaamua kumletea darasa nyumbani kwa njia ya hewa. Akatengeneza transmita, yaani mtambo mdogo wa kurushia sauti, wenye nguvu isiyofikia hata ile ya taa ya tochi ndogo, akauweka juu ya kabati la misahafu, akaufunga kwenye kipaza sauti cha maalim, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu bibi akasikiliza darasa kwenye redio yake ya betri. Kwa dakika saba. Halafu sauti ikatoweka.

Hapa ndipo lilipoanzia daftari.

Mtambo ule wa kwanza haukuwa na bodi. Ulikuwa transista moja, kapasita chache, koili ya waya na betri ya volti 9, vyote vimeunganishwa kwa miguu yake mirefu juu ya kipande cha ubao, kama kiota cha kunguru. Kwa mambo mengi kiota cha namna hiyo hufanya kazi: kengele ya mlangoni, taa, hata kikuza sauti kidogo. Kwa masafa ya FM hakifai, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa hesabu, kwa kuwa vijana wengi hukata tamaa mahali hapa wakidhani vifaa vyao ni vibovu.

Kinachoamua transmita isikike wapi kwenye redio ni ndoa ya koili na kapasita. Koili ya mikrohenri 0.1 ikiunganishwa na kapasita ya pikofaradi 26 hivi hutoa megahezi 98 takriban. Ongeza pikofaradi moja tu, na masafa yatashuka karibu megahezi 1.8. Sasa pikofaradi moja ni kitu gani? Si kitu. Ni mkono wa mtu unaokaribia. Ni waya mmoja uliosogea karibu na mwenziwe. Nusu ya pikofaradi hukusukuma karibu megahezi 0.9, na vituo viwili vya jirani kwenye redio huweza kukaa kwa umbali mdogo kuliko huo. Kwa hiyo maalim alipoegemea kabati, sauti yake ilihama kituo.

Miguu mirefu ya vifaa nayo ina lawama yake. Kila milimita moja ya waya hubeba kwa makadirio nanohenri moja. Mguu wa milimita 20 ni nanohenri 20, nayo ni sehemu ya tano ya ile koili tuliyoitaja. Fundi anadhani ana koili moja. Kumbe anazo tano, nne kati ya hizo hazimo kwenye mchoro wake. Jua likipiga bati la msikiti, kila kitu kikapata joto na kutanuka, masafa yakahama tena. Betri ikichoka, transista hubadilika tabia ndani kwa ndani, masafa yakahama mara ya tatu. Bibi aliyeshika kitufe cha redio kwa mkono unaotetemeka hawezi kuyakimbiza.

Lakini kulikuwa na mtu mwingine aliyeyapata bila kuyatafuta. Jirani mmoja, asiyekuwa Muislamu, mwenye desturi ya kusikiliza taarifa ya habari ya kituo cha ng'ambo ya mto, alimsikia ghafla maalim akieleza yanayotengua udhu. Akavumilia siku ya kwanza. Siku ya tatu akaja kibandani, akasalimia, akaketi, akauliza kwa upole kama redio yake ina ubovu. Kijana alituambia kuwa angelikuja kwa ukali, yeye angelijitetea. Kwa kuwa alikuja kwa upole, alikosa la kusema, na usiku ule akauzima mtambo na kuanza kuchora.

Tutaanza na swali lake la kwanza, la bodi, kwa sababu jibu lake ni refu na la kupendeza.

Bodi ya saketi ni kipande cha plastiki ngumu kilichofunikwa shaba upande mmoja au pande zote mbili. Fundi huichora njia anazozitaka, kisha huila shaba isiyotakiwa kwa dawa, na njia zikabaki. Mchoro wa kwanza wa daftari ulifuata desturi ya bodi za redio za kaseti: njia nyembamba nyembamba zinazozunguka kama vichochoro vya mji mkongwe. Tulimwambia kijana, na hili ndilo tungependa kila anayeanza alishike, kwamba katika masafa haya shaba inayobaki ni muhimu kuliko shaba inayoondolewa. Acha bahari ya shaba, uiunganishe na upande hasi wa betri, na vifaa viwe visiwa ndani ya bahari hiyo. Bahari huyapa mawimbi njia fupi ya kurudi, huukinga mtambo na mkono wa maalim, na fauka ya hayo hupunguza dawa inayotumika. Katika daftari, kuanzia ukurasa wa tano, bahari inaanza kuonekana. Tulifurahi kuona kwamba aliigundua nusu yake mwenyewe.

Kisha ukaribu. Kapasita inayosafisha umeme wa betri haifai kukaa popote penye nafasi. Ikae ubavuni mwa transista, milimita chache tu, miguu yake imekatwa hadi kugusa bodi. Kabla yake tumeweka kidhibiti kidogo cha volti 5, ili betri ikishuka kutoka 9 hadi 7, transista isijue. Baada ya transista ya kwanza, ambayo kazi yake ni kutoa wimbi na si zaidi, tumeweka ya pili iwe bawabu: antena igongwe, ishikwe, ipeperushwe, habari hizo ziishie kwa bawabu zisimfikie bwana wa nyumba. Baada ya bawabu ukaja mchujo, na mchujo hatutaupita haraka, maana ndimo ilimo sehemu ya haki za watu.

Transmita ndogo haitoi wimbi moja. Ukiiweka megahezi 98, hutoa pia kidogo katika 196, na kidogo zaidi katika 294, kama mtu anayetamka neno na mwangwi ukalirudia kwa sauti nyembamba. Mtambo uliotengenezwa vibaya huweza pia kutetemeka na kuvuja pembeni, na juu tu ya megahezi 108, mahali FM inapoishia, huanza masafa ya usafiri wa anga hadi 137. Ndege hupita juu ya vilima hivi. Fundi wa Isingiro hamwoni rubani na rubani hamwoni fundi, lakini hewa yao ni moja. Mchujo wa koili mbili na kapasita tatu huzuia yale ya juu yasifike kwenye antena. Koili hizo zisilale sambamba na koili ya kwanza, wala zisitazamane zenyewe kwa zenyewe. Ziwekwe moja imelala kaskazini kusini, nyingine mashariki magharibi, zisije zikanong'onezana juu ya ukuta. Kijana alizipanga zote kwa safu moja kwa sababu zilipendeza macho. Tulizigeuza.

Namna ya kuipata bodi yenyewe ilikuwa kazi ya siku mbili na ndiyo iliyotufanya tucheke zaidi. Isingiro hakuna kiwanda cha bodi, lakini lipo duka la kutoa nakala, na wino wa unga wa mashine ya nakala ni plastiki inayoyeyuka kwa joto. Mchoro ukitolewa nakala juu ya karatasi laini ya kung'aa, kama ya kalenda ya zamani, kisha ukalazwa kifudifudi juu ya shaba iliyosuguliwa, na pasi ikapita juu yake dakika kadhaa, wino huhamia kwenye shaba. Karatasi ukailoweka majini na kuibandua taratibu. Pasi ya bibi ni ya mkaa. Ilifaa kuliko ya umeme, kwa kuwa ni nzito. (Kwa wanaotaka kujaribu: msitumie kurasa za gazeti hili. Mosi, karatasi yetu haing'ai. Pili, ina aya na majina matukufu, na haifai kulazwa chini ya pasi wala kutupwa kwenye ndoo ya maji machafu.)

Bodi ya kwanza ilitoka safi, na ilikuwa kinyume. Kijana aliuchora mchoro kama unavyoonekana shaba ikitazamwa, na karatasi ilipolala kifudifudi, kulia kukawa kushoto. Miguu mitatu ya transista ikajikuta imepangiwa nyumba zisizo zake. Kanuni ni kuchora kana kwamba unaitazama bodi kutoka upande wa vifaa, ukiiona shaba kwa kuipenya. Pasi itafanya mageuzi yenyewe. Baadhi ya watu huokoa bodi ya namna hiyo kwa kulehemu transista upande wa shaba. Sisi tulishauri aichore upya, naye alikubali, ingawa ilikuwa jioni na mkaa umekwisha.

Dawa ya kula shaba ni feriki kloridi, maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hapa tunawaomba akina mama wasome kwa makini. Dawa hii haiwekwi katika sufuria ya alumini. Huila alumini kwa hasira, ikachemka na kutoa joto na mvuke. Tunasema hili kwa ujuzi: katika ujana wetu tuliitoboa sufuria ya wali ya mama yetu mzazi, Allah amrehemu, ambaye hakutupiga, bali aliipika ugali wiki nzima katika chungu cha kuazima kwa jirani ili tuone. Tumieni bakuli la plastiki ambalo halitarudi jikoni, vaeni glavu, fungueni dirisha. Na dawa iliyotumika imebeba shaba. Isimwagwe shambani wala karibu na kisima. Ihifadhiwe katika chupa ya plastiki yenye alama, mbali na watoto, maana hufanya kazi mara nyingi kabla ya kuchoka.

Kuhusu kulehemu hatuna mengi, ila jambo moja lilitupendeza. Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa madini ya bati na risasi, na bati ni madini ambayo vilima vya Kyerwa vimechimbwa kwa ajili yake tangu enzi za ukoloni. Kijana ananunua lehemu iliyosafiri kutoka ng'ambo ya bahari ili kuunganisha vifaa juu ya kilima chenye bati. Alipolifikiri hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hii imerudi nyumbani."

Bodi ya pili, yenye urefu wa sentimita 7 na upana wa 4, tuliifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga, ambalo hushika lehemu vizuri na huziba mawimbi yasivuje ubavuni. Ikawa tayari kuwashwa.

Hapo tulifika kwenye swali la pili.

Tukiri jambo. Tulipokuwa njiani kwenda Isingiro tulikuwa tumeshakubaliana kumwambia: iwashe kimyakimya, nguvu ni ndogo, nia ni njema, na ajuza yule ana haki kuliko sheria za mawasiliano. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa ndani ya basi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kutumia masafa ya redio bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Udogo wa nguvu haumpi mtu kibali, wala utukufu wa maneno yanayorushwa. Na hata sheria tukiiweka kando, yule jirani yupo. Aliinunua redio yake kwa fedha yake, na taarifa ya habari ilikuwa haki yake saa ile. Tukumbuke pia Isingiro mbili: mtambo ulio juu ya kilima haujui mto uko wapi, na mawimbi hayagongi muhuri mpakani. Masafa hugawanywa baina ya nchi kwa makubaliano, na anayejichukulia kipande chake kwa siri amechukua cha wenzake, wakiwemo asiowajua.

Imamu wa msikiti alikuwepo katika mazungumzo haya. Kijana alijitetea kwa hoja nzuri. Alisema nia yake ni kumsaidia mgonjwa kupata elimu, na kwamba mtambo ulio safi sasa hautamuudhi yeyote. Imamu alimuuliza, "Ukiwa na hakika hautamuudhi yeyote, mbona umeandika swali?" Kijana hakujibu. Wala sisi.

Kwa hiyo bodi iliwashwa bila antena. Wasiojua watauliza ina faida gani, nasi twasema ndiyo shule yenyewe. Mahali pa antena tuliweka rezista mbili za ohmu 100, zimeunganishwa sambamba kuwa ohmu 50, za kaboni na si za waya uliozungushwa, kwa sababu rezista ya waya nayo ni koili. Nguvu yote ikaishia humo kwa kuwa joto kidogo. Kwa dayodi moja na mita ya kawaida tukapima kilele cha volti: volti 3.2 katika ohmu 50 ni karibu miliwati 100. Ya kijana ilitoa volti 1 na ushei, yaani miliwati 10 na kitu. Redio iliyowekwa meza ile ile ilinasa sauti dhaifu. Ilipopelekwa nyumba ya pili haikunasa kitu. Tukagonga meza: sauti haikuhama. Tukaiweka juani nusu saa: ilihama kidogo sana. Tukalinganisha betri mpya na kuukuu: hakuna tofauti. Kijana alikuwa akiandika kila kipimo katika daftari lile la miraba, na mwandiko wake ulikuwa umebadilika, umetulia.

Tulimweleza pia kuwa upo mlango wa halali kwa watu wa aina yake. Duniani kote wapo wapenzi wa redio wenye leseni, wanaojenga mitambo yao wenyewe na kuzungumza wao kwa wao katika masafa waliyotengewa. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Uganda 5X, za Rwanda 9X. Leseni hiyo nayo hutolewa na TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini Mwanza. Akiipata, ataweza kujenga transmita ya megahezi 7 yenye kristali, ambayo masafa yake hayahamihami, na waya wa antena wa mita 20 katikati ya migomba ukamfikisha mbali sana. Ila leseni hiyo ni ya kujifunza na kuwasiliana. Si ya kutangaza. Darasa la msikitini haliruhusiwi kupita humo, hata liwe zuri namna gani. Hapo kijana alielewa, na ilimuuma, kwamba alikuwa na mapenzi mawili aliyoyadhani ni moja: kumpenda bibi na kuipenda bodi.

Zipo nchi zilizolifungulia jambo hili mlango wake. Uingereza, misikiti mingi hurusha adhana na khutba kwa redio ndogo hadi majumbani kwa wazee na wagonjwa, katika masafa yaliyotengwa kwa matumizi ya namna hiyo. Kwetu njia inayojulikana ni redio ya jamii yenye leseni, kama Redio FADECO ya Kayanga, Karagwe, iliyo hewani tangu 2007 ikisema na wakulima. Si lazima mambo yaanze makubwa. Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 ilianza kwa mtambo mdogo uliosikika mjini na viungani mwake tu. Lakini redio ya jamii ni gharama, watumishi na kodi, na bibi ana umri wa miaka themanini na mmoja.

Basi tukamshauri kama wengi mngalivyoshauri: darasa lirekodiwe kwa simu, liwekwe kwenye memori kadi, bibi asikilize jioni. Tuliona tumemaliza. Bibi alisikiliza shauri letu hadi mwisho, akashukuru, akakataa.

"Hilo la jana," alisema. "Maalim akiomba dua, watu wanaitikia amin. Mimi nataka kuitikia nao. Nikiitikia jioni naitikia peke yangu."

Hatukuwa na jibu, na kwa muda ukumbi ule ulikuwa kimya kabisa. Aliyejibu ni yule jirani wa taarifa ya habari, aliyekuja kumjulia hali bibi na kukaa nasi. Akauliza kwa nini sauti isipite kwenye waya. Sisi tuliokuwa tumezama katika pikofaradi hatukuwa tumeliwaza.

Waya haurushi wimbi hewani. Simu za zamani zilibeba sauti kilomita nyingi kwa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na mita 350 ni kitu kidogo. Transfoma mbili ndogo za sauti za ohmu 600, zile zinazopatikana ndani ya modemu chakavu za simu, moja msikitini na moja kwa bibi, huondoa mngurumo. Kisha kikuza sauti kidogo ukumbini kwake. Umeme unaopita ni hafifu, hauwezi kumdhuru mtoto. Mchoro wake uko ukurasa wa kumi na tatu wa daftari, na bodi yake ni rahisi kiasi kwamba kijana aliichora huku akila. Mashaka mawili tu yalibaki. La kwanza ni radi, ambayo Kagera ina nyingi: waya mrefu hewani huialika, hivyo pande zote mbili pamewekwa swichi ya kuutenga waya mawingu yakikusanyika, na kazi hiyo ya kwa bibi amepewa mtoto wa jirani. La pili ni mashamba manne yaliyo katikati.

Waya ukipita juu unahitaji nguzo katika shamba la mtu. Ukipita chini unahitaji mwenye shamba akumbuke kutoupiga jembe. Kwa vyovyote unahitaji ridhaa. Transmita ilikuwa imemwezesha kijana kuwaruka watu wote wanne bila kuwaamkia. Sasa amelazimika kubisha hodi kwao mmoja mmoja, pamoja na imamu, na kulieleza jambo hilo kwa serikali ya kijiji pia. Shamba la kwanza ni la msikiti. La pili ni la yule jirani, ambaye alikata nguzo zake mwenyewe. La tatu ni la mama mjane aliyekubali kwa sharti moja, kwamba kipaza sauti kidogo kiwekwe na kwake, kwa kuwa naye magoti yamemchosha.

Tulipoondoka Isingiro waya ulikuwa umefika ukingoni mwa shamba la nne. Mwenye shamba hilo yupo Murongo kwa shughuli za biashara, na kijana hakutaka kuchimba hata shimo moja kabla hajarejea. Bibi ametuagiza tuwasalimie. Redio yake ipo dirishani, na kila Alhamisi alasiri huiwasha, ingawa anajua haina kitu.

Kopo la maziwa liko kibandani, juu ya rafu, na rezista zake mbili mahali pa antena. Daftari amebaki nalo. Tulilirudisha pamoja na fomu ya maombi na nauli ya kwenda Mwanza, ambayo imamu aliikusanya baada ya swala ya Ijumaa bila kututajia ni nani aliyetoa ngapi.